Twiga wa Kitengela na wa Lang'ata si spishi moja

TWIGA wanaokula majani ya migunga katika nyanda za Kitengela, Kaunti ya Kajiado, na wale wanaolishwa na wageni katika Kituo cha Twiga mtaani Lang'ata, Nairobi, hutenganishwa na kilomita chache tu. Hata hivyo, kwa mujibu wa uainishaji wa kisasa, hao ni spishi mbili tofauti.

Spishi ni kundi la viumbe wa nasaba moja ambao huzaana wao kwa wao. Nususpishi ni tawi la kundi hilo, ambalo hutofautiana na matawi mengine kwa makao na maumbile. Jina la kisayansi la spishi huwa na maneno mawili, na la nususpishi huongezewa la tatu.

Tangu Carl Linnaeus alipomwainisha mnyama huyu mwaka 1758, wataalamu wengi walishikilia kwamba kuna spishi moja tu ya twiga barani Afrika, yenye nususpishi tisa. Twiga wa Kimasai, anayepatikana Kajiado, aliitwa Giraffa camelopardalis tippelskirchi. Neno hilo la mwisho lilitolewa na Mjerumani Paul Matschie mwaka 1898.

Kigezo kikuu enzi hizo kilikuwa madoa. Ya twiga wa Kimasai yana kingo zenye mikato kama jani la mzabibu, nayo hushuka hadi karibu na kwato. Twiga wa Samburu na Isiolo ana madoa makubwa yaliyotenganishwa na mistari myeupe kama wavu. Yule wa Lang'ata, ambaye asili yake ni magharibi mwa Kenya, ana miguu myeupe chini ya magoti.

Mwaka 2016, watafiti waliochunguza jeni za twiga kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walitangaza kwamba kuna spishi nne. Wapo waliopinga, wakisema twiga wa aina tofauti wakifungiwa pamoja huweza kuzaana. Hatimaye, Agosti 2025, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) liliridhia spishi nne: wa kaskazini, wa wavu, wa Kimasai na wa kusini. Yule wa Lang'ata ni wa kaskazini.

Je, jina lina faida gani? Twiga wote wakihesabiwa pamoja, hufikia takriban 140,000, idadi inayoweza kumfanya mtu adhani hakuna hatari. Wakitenganishwa, wa Kimasai ni kama 44,000, nao wa kaskazini ni kama 7,000 pekee. Aidha, wahifadhi wanaohamisha twiga sharti wajihadhari wasichanganye spishi.

Kwa Kajiado, suala hili lina uzito wa pekee. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako wanyama hutokea kuingia Kitengela. Huko, ardhi imegawanywa vipande, nyumba na nyua zikaongezeka. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasizibe mapito. Twiga wa Kimasai hapatikani kiasili popote isipokuwa Kenya, Tanzania na, kwa nususpishi yake ya Luangwa, Zambia. Kwa hivyo, kila pito linalofungwa Kitengela huipunguzia makao spishi isiyo na mbadala.