Kidonge kilicho kwenye majaribio hakiuzwi

Msomaji wangu, hivi karibuni mzee mmoja wa miaka 63, muuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliingia chumbani kwangu ameshika kiuno. Nyuma yake alikuwa kijana wake na simu mkononi. Kabla sijamaliza kumwamkia mzee, kijana alisema: "Dokta, dawa tumeshaipata."

Kwenye simu kulikuwa na picha ya vidonge. Mtu wa kundi la WhatsApp aliwaambia ni dawa mpya ya Marekani, "bado iko kwenye utafiti, ndiyo maana ni ghali". Bei yake ingemaliza mtaji wa duka. Walibakiza kutuma pesa tu.

Mzee ana maieloma, saratani ya seli za plazma. Seli hizi hukaa ndani ya uloto wa mifupa na kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili. Zikigeuka saratani huongezeka kupita kiasi, hudhoofisha mifupa, huzuia damu kutengenezwa na kutoa protini inayoharibu figo. Mgonjwa huja na maumivu ya mgongo au mbavu, uchovu, maambukizi ya mara kwa mara, au kiu na choo kigumu kwa sababu kalsiamu imepanda kwenye damu.

Mzee aliumwa mgongo miezi minane. Kila mtu alimwambia ni kazi ya kubeba marobota, naye akawa ananunua diklofenaki duka la dawa. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuzidisha madhara kwenye figo za mgonjwa wa maieloma.

Sasa turudi kwenye kidonge. Tapeli mzuri huanza na ukweli kidogo. Ni kweli maieloma inatibiwa kwa dawa za kumeza. Thalidomaidi, iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, ilionekana mwaka 1999 kuwasaidia wagonjwa wa maieloma ambao dawa nyingine zilishindwa. Ikafuata ndugu yake, lenalidomaidi. Watafiti wameendelea na vidonge vipya zaidi vya ukoo huo, kama iberdomaidi na mezigdomaidi, wakivijaribu kwa wagonjwa.

Vinafanyaje kazi? Unazijua nyumba zinazopigwa alama ya X ili zibomolewe. Ndani ya seli kuna protini iitwayo sereblon, ambayo husaidia kuweka alama ya namna hiyo kwenye protini zinazotakiwa kuvunjwa. Kidonge huielekeza sereblon iweke X kwenye protini ambazo seli ya maieloma inazitegemea kuishi. Zikivunjwa, seli ya saratani hufa.

Lakini dawa kuua saratani maabara hakutoshi. Hatua ya kwanza ya majaribio kwa binadamu hutafuta usalama na kipimo. Ya pili huangalia kama inasaidia. Ya tatu huilinganisha na matibabu yaliyopo, kwa wagonjwa wengi. Nyingine huishia njiani. Hapa Tanzania, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mgonjwa huelezwa faida na hatari, husaini kwa hiari, hufuatiliwa kwa vipimo, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Hakuna hatua hata moja ambayo mgonjwa anatumiwa bei kwenye simu.

Hatari haiishii kwenye pesa. Dawa za ukoo huu zinaweza kugandisha damu kwenye mishipa na kushusha chembe za kinga. Zinaweza pia kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hazitakiwi kuachwa ovyo kwenye nyumba yenye mjamzito. Na kidonge cha WhatsApp huenda hata si dawa hiyo.

Dawa zilizokwisha kuthibitishwa zipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza thalidomaidi, lenalidomaidi na botezomibu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa maieloma. Ugonjwa huu kwa kawaida hauponi kabisa, lakini wengi hupata nafuu ya miaka. Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili haziko mbali na Kariakoo.

Mzee aliniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, hiyo mpya siipati?" Nilimjibu kwamba utafiti wa kweli ukifika, ataombwa ridhaa, hatauziwa. Alimtazama kijana wake, kisha akamwambia afute ile namba. Wiki iliyofuata alianza matibabu.

Nawe, kama umevuka miaka 50 na mgongo unauma zaidi ya mwezi mmoja, hasa ukiwa na uchovu au upungufu wa damu, usiongeze diklofenaki. Nenda hospitali, uombe kupimwa wingi wa damu, figo, kalsiamu na protini za damu. Ukiletewa dawa "ya utafiti", uliza kwanza kibali cha NIMR na TMDA kiko wapi.