Upasuaji wa kupanua mdomo

Upasuaji wa kupanua mdomo ni tiba ya mikrostomia, yaani hali ya mdomo kuwa mdogo kupita kiasi kutokana na makovu. Mara nyingi hali hiyo huletwa na majeraha ya moto, lakini inaweza pia kufuata sindromu ya Stevens-Johnson, ambayo kwa kawaida husababishwa na dawa.

Chanzo

Sindromu hiyo ilielezwa mwaka 1922 na madaktari wa watoto wa Marekani, Albert Mason Stevens na Frank Chambliss Johnson. Kati ya dawa zinazoweza kuisababisha kuna alopurinoli, karbamazepini, nevirapini na kotrimoksazoli. Ngozi na utando laini wa mdomo na macho hupata malengelenge, kisha hubambuka. Vidonda vinapopona, midomo inaweza kushikana kwenye pembe, na kovu likasinyaa. Hapo mgonjwa hupata shida kula, kuongea na kupiga mswaki.

Upasuaji

Kwa kawaida madaktari husubiri kovu likomae, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, isipokuwa mgonjwa akishindwa kula. Kumlaza kwa dawa ya usingizi kunahitaji tahadhari, kwa kuwa mdomo haufunguki vya kutosha kupitisha mpira wa kupumulia. Mpira huo unaweza kupitishwa puani kwa msaada wa kamera nyembamba, mgonjwa akiwa bado macho.

Daktari huweka alama mahali pembe ya mdomo inapostahili kuwa, karibu na mstari unaoshuka kutoka kwenye mboni ya jicho. Halafu hukata kovu, huvuta utando laini wa ndani ya shavu na kuushona kwenye ngozi. Bila kufunikwa hivyo, kingo mbili mbichi zingeshikana tena. Ikiwa ugonjwa umeharibu pia utando wa ndani, huenda kipande kikahitajika kutoka sehemu nyingine ya mwili.

Baada ya upasuaji

Kovu jipya nalo husinyaa. Kwa hiyo mgonjwa hufanya mazoezi ya kufungua mdomo na huvaa kifaa cha kuutanua kwa miezi kadhaa. Akiacha mapema, mdomo unaweza kurudia udogo wake. Dawa iliyomdhuru hapaswi kuitumia tena maisha yake yote, na jina lake liandikwe wazi katika kumbukumbu zake za matibabu.