Basi Kuukuu Si Chuma Chakavu

Juma lililopita nilikuwa Kizota, hapa hapa Dodoma, kwenye gereji moja, nikisubiri gari yangu ibadilishwe springi. Fundi akichelewa mteja hutembeatembea. Nikazunguka nyuma ya gereji, na huko, kati ya mbigiri na matairi yaliyokwisha meno, nikakuta bodi ya basi la zamani. Haina injini, haina viti, haina hata kioo kimoja. Lakini ubavuni, chini ya vumbi, bado zinasomeka herufi zilizochorwa kwa brashi na mtu aliyeijua kazi yake: Dodoma, Haneti, Kondoa, Kolo, Babati.

Kijana mwenye mtungi wa gesi alikuwa amekwisha kukata sehemu ya paa. Mwenye uwanja alikuwa ameahidi kuiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akilihudumia basi hilo. Hakuwa anagomba. Alikuwa anamwomba kijana jambo moja tu, aiache ile ngazi ya nyuma ya kupandia keria. "Ile niliichomelea mimi mwenyewe," akaniambia.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: ni nani hasa aliyepaswa kulitunza basi kama lile?

Mimi nililipanda basi la namna hiyo mwaka 1991, nikiwa darasa la nne, kutoka Kondoa kuja Dodoma. Ni kilometa kama 160. Tuliondoka alfajiri tukaingia mjini magharibi, kwa kuwa ilikuwa masika na njia ilikuwa tope. Juu ya keria kulikuwa na magunia ya mtama, baiskeli, na kuku waliofungwa miguu. Kwenye kila kilima utingo aliruka chini na kigingi mkononi, akikimbia nyuma ya tairi, ili gari likishindwa asiliache lirudi nyuma. Wanaume walishuka kusukuma, wanawake walibaki na watoto, na dereva hakusema neno. Leo barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu tangu ilipozinduliwa mwaka 2018, na safari ile ni ya saa chache. Silalamiki. Nasema tu kwamba mwanangu hawezi kuielewa safari ile kwa maneno yangu, ila angeielewa kama angekiona kile kigingi.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi hudhani serikali inalinda kila kitu cha kale. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Inailinda pia milango ya kuchongwa iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, ile tunayoiona Bagamoyo na Kilwa. Ni vema. Lakini mwaka 1863 hapakuwa na gari la injini kokote katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo mlango wa tajiri wa pwani unao ulinzi, na mlango wa basi alioupanda mkulima wa Haneti hauna. Waziri anao uwezo wa kutangaza vitu vingine vilindwe, lakini atatangaza vipi kitu ambacho hakuna aliyemwambia kuwa kipo?

Makumbusho ya Taifa, kule Dar es Salaam, yapo magari ya zamani. Ukienda utaonyeshwa magari waliyoyatumia magavana na viongozi wetu wa kwanza, likiwemo Rolls-Royce. Nimeyaona, yanang'aa, na nilifurahi kuyaona. Ila nilipotoka nilijiuliza mbona hakuna gari walilopanda wale waliokuwa wamesimama kando ya barabara kumpungia mikono kiongozi.

Na Dodoma, msikilizaji, ina haki ya pekee ya kuuliza swali hilo. Watu huijua kama mji wa reli, na ni kweli. Wajerumani waliianzisha Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Lakini reli ilikata nchi kutoka mashariki kwenda magharibi tu. Aliyetaka kwenda kaskazini au kusini alishuka Dodoma akatafuta gari. Hapa ndipo reli ilipokutana na barabara kuu iliyotoka Arusha kupitia Kondoa na kuendelea Iringa hadi Mbeya. Shirika la reli lenyewe liliendesha mabasi na malori yake katika njia hizo, ili abiria wa treni afike kule ambako reli haikufika. Kwa miaka mingi mtu wa Iringa aliyekwenda Dar es Salaam alipitia hapa kwetu. Mambo yalibadilika barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipokamilika katika miaka ya 1970. Ilipita Morogoro, Mikumi na Iringa moja kwa moja, na Dodoma ikaachwa pembeni, mwaka ule ule wa 1973 ilipoamuliwa kuwa ndiyo iwe makao makuu ya nchi. Hilo nalo ni la kuchekesha kidogo.

Yakaja mashirika ya umma. Kampuni ya DMT ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: UDA kwa ajili ya mji, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, kwa ajili ya mikoani. KAMATA imekufa zamani. Kilichobaki ni jina la kituo pale Gerezani, Dar es Salaam, ambako kondakta wa daladala hadi leo hupaza sauti "Kamata! Kamata!" na abiria vijana hudhani ni mwizi anayekimbizwa. UDA nayo ilikuwa na yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoungwa katikati kama kiwavi. Nani anajua limebaki moja lililo zima?

Kuna watu wengine duniani waliojiuliza maswali haya mapema. Mwaka 1951, kule Wales, reli ndogo ya Talyllyn ilikuwa inakaribia kufungwa. Watu wa kawaida wakajitolea kuiendesha bila mshahara, na hiyo ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Nje kidogo ya London, mahali paitwapo Brooklands, yapo makumbusho ya mabasi yanayotegemea watu wa kujitolea. Huko hukuta wazee na vijana wamevaa ovaroli, wakirudisha uhai katika mabasi ambayo kampuni zilikwisha kuyatupa. Utasema hao wana pensheni na gereji za joto. Ni kweli, na sitaki kujidanganya kuwa mstaafu wa Kizota anaweza kutoa Jumamosi yake kama mstaafu wa London. Huyu wa kwetu anahitaji nauli na sahani ya wali. Lakini msaragambo hatukufundishwa na mtu wa London.

Tena mfano mzuri zaidi upo jirani. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, enzi za shirika letu la pamoja la Afrika Mashariki, na msimamizi wake wa kwanza aliitwa Fred Jordan. Ndani yake limo gari moshi namba 3020. Lilijengwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950, na jina lililobandikwa ubavuni mwake ni "Nyaturu". Naam, Wanyaturu wale wale wa Singida, majirani zetu. Magari moshi ya kundi lile yalipewa behewa la maji kubwa kupita kawaida, lenye kubeba galoni 7,000, kwa sababu huku bara maji yalikuwa adimu na treni ilipaswa kwenda mbali kabla ya kujaza tena. Ukame wetu, msikilizaji, umeandikwa katika umbo la chuma kile. Baadaye mafundi walilirudishia uhai likatoa moshi tena. Mtoto wa Singida anayetaka kuliona jina la kabila lake kwenye gari moshi itambidi avuke mpaka. Hata hivyo anayo mahali pa kwenda, kwa kuwa kuna mtu aliyeliweka kando kabla mkata vyuma hajafika.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Nilimwuliza yule mzee, nikaongeza na niliyosoma.

Jambo la kwanza ni kutogusa kitu. Kabla bolti moja haijafunguliwa, piga picha, chora, andika kila kitu kilipo. Fundi wa biashara hufungua kwanza akafikiri baadaye, maana mteja anasubiri. Mhifadhi hana mteja.

Kuhusu kutu, Dodoma ni mahali pa bahati. Kutu inataka maji na hewa, na kule pwani chumvi huiongezea kasi. Sisi hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine yote ni ukavu. Chuma kilichoachwa nje hapa huishi kuliko kile cha Tanga. Adui wa bodi ile ya Kizota ni mchwa, waliokula sakafu ya mbao, na jua, lililoimaliza mipira ya madirisha. Adui mkubwa kuliko hao wote ana mizani.

Injini iliyokaa miaka mingi haiwashwi kwa papara. Unafungua nozo, unamimina mafuta mepesi katika kila silinda, unaacha siku kadhaa, kisha unajaribu kuizungusha kwa mkono, polepole. Ukiilazimisha kwa starta utavunja ringi, na ringi za injini ile huzipati dukani. Breki ndizo zinazotaka tahadhari: lining za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa kama tunavyozoea, maana huua mapafu. Rangi za zamani nazo huwa na risasi ndani yake. Usiipige msasa mkavu, ilowanishe.

Sasa lipo suala ambalo wahifadhi wa Ulaya hubishana sana, na kwetu lina jibu lake. Je, basi lirudishwe lilivyotoka kiwandani? Msikilizaji, mabasi yetu mengi hayakutoka kiwandani yakiwa mabasi. Ilikuja chasisi ya lori, Leyland au Isuzu, na bodi ikajengwa na mafundi wa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa mabomba ya chuma, mabati, ribiti na mbao. Chasisi ni ya Mwingereza au Mjapani, na nyingine kama hiyo unaweza kuipata Ulaya. Bodi ndiyo yetu. Na bodi ndiyo inayokatwa kwanza, kwa kuwa mwenye gari huithamini injini. Hata kiraka cha bati la debe kilichopigwa mwaka wa shida ni historia. Anayekibandua ili basi lionekane jipya anafuta kitabu. Mimi ningekiacha.

Jumamosi nilirudi Kizota na kinasa sauti. Mzee alizungumza kwa saa mbili. Alieleza miaka ya mwanzo ya 1980, spea zilipoadimika nchi nzima. Alikata gasketi kutoka kwenye karatasi ngumu, akaipaka grisi. Bushi za springi alizichonga kutoka kwenye tairi kuukuu kwa kisu cha fundi viatu. Alieleza jinsi ya kusikiliza gia boksi kwa kuweka bisibisi sikioni. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha Leyland. Yamo katika kichwa cha mtu aliyepita miaka sabini, na chuma kinaweza kusubiri kuliko yeye. Kwa hiyo, kama mtu ataniuliza kazi hii ianzie wapi, sitasema rangi wala matairi. Nitasema ianze kwa kinasa sauti na daftari, na vijana wawili watatu wa VETA wakae karibu na mzee huyo na wenzake walio hai.

Yule kijana wa gesi alikuwapo siku hiyo pia. Alikuwa ameegemea mtungi wake, anasikiliza. Ilipofika habari za bushi za tairi akavuta ndoo akakaa, akauliza, "Mzee, sasa ringi za pistoni mlikuwa mnatoa wapi?"

Mwenye uwanja amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Kadi ya gari imepatikana, imeliwa na panya pembeni lakini namba inasomeka. Ngazi ya nyuma haijakatwa. Kinachotakiwa sasa ni mahali penye paa, lori la kuivuta bodi kilometa chache, na watu wa kuisukuma pale lori litakaposhindwa kuingia.