Kuondoa Rangi Kuukuu Chini ya Chombo: Moto wa Makuti Haufai

Tangu zamani mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamelinda vyombo vyao kwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ambayo hupakwa chini ya chombo kuanzia mkukuni hata mahali maji yanapofikia. Deheni ilipochakaa, chombo kilipandishwa pwani, kikategemezwa kwa gadi, na moto wa makuti ukapitishwa chini yake. Moto uliyeyusha shahamu na kuwaua wadudu watoboao mbao. Kazi hiyo haikuwa na hatari kubwa, maana chokaa na shahamu si sumu.

Siku hizi vyombo vingi, hasa vyenye mashini, hupakwa rangi ya madukani. Yapasa kila mwenye chombo ajue ya kuwa rangi ya chini hutiwa sumu kwa makusudi. Sumu ya kawaida ni shaba nyekundu, ambayo huzuia mwani na viumbe vyenye gamba gumu visiote juu ya mbao. Rangi za zamani huenda zikawa na risasi, au sumu itengenezwayo kwa bati. Sumu hiyo ya bati iliwadhuru sana chaza wa Ufaransa katika miaka ya 1970, hata nchi hiyo ikaikataza kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mapatano ya mataifa ya kuikomesha yalifanywa London mwaka 2001, yakaanza kutumika mwaka 2008. Hata hivyo chombo cha miaka mingi chaweza kuwa nayo bado, chini ya matabaka mapya.

Kwa sababu hiyo moto wa makuti haufai kwa chombo kilichopakwa rangi. Rangi yenye risasi ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na ikisuguliwa kavu hutoa vumbi lenye sumu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, wala dalili hazionekani mapema. Vumbi lililomo katika nguo za baba arudipo nyumbani laweza kumfikia mtoto ambaye hajakanyaga pwani.

Njia ifaayo ni hii. Chombo kipandishwe wakati wa bamvua, maji yajaapo kabisa, ili kikae pakavu siku nyingi. Kisha kioshwe mara moja kwa maji na brashi ngumu, kabla mwani na magamba havijakauka, maana vikikauka hushika kama saruji.

Si lazima rangi yote iondolewe kila mara. Ikiwa imeshika vizuri, yatosha kuondoa iliyolegea na kuikwaruza iliyobaki kwa msasa wa maji. Lakini matabaka yakiwa mazito, yenye kupasuka na kubanduka, rangi mpya haitashika; hapo yapasa kukwangua hata kufikia mbao.

Turubai itandikwe chini ya chombo. Chuma cha kukwangulia kinolewe mara kwa mara kwa tupa, na pembe zake zifanywe mviringo zisichimbe ubao. Mkono ufuate urefu wa ubao, wala usipite kwa nguvu juu ya maungio, pamba ya kalafati isije ikang'oka. Mahali pote pawe maji maji wakati wa kazi, vumbi lisiruke. Mfanyakazi avae glavu, miwani na kifuniko cha pua cha kuzuia vumbi la sumu. Kitambaa kitupu hakitoshi. Anawe kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Mbao zikiwa wazi, zichunguzwe kwa uangalifu. Mdudu wa baharini atoboaye mbao, ambaye kwa kweli ni wa jamaa ya kombe, huingia kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hupanua njia yake ndani, ubao ukaonekana mzima kwa nje. Ubao kama huo ubadilishwe kabla ya kukalafati na kupaka rangi mpya.

Mabaki yaliyo juu ya turubai yakusanywe yote, yatiwe katika debe lenye kifuniko, na maofisa wa afya waulizwe mahali pa kuyatupa. Yasifukiwe mchangani wala kuachiwa maji kujaa, kwa kuwa hapo ndipo watoto huchezea na watu huokota kombe za kula.