Ndege Ikichelewa, Haki Humfuata Mwenye Ndege

Wahenga walinena kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ukweli wa kauli hii hubainika usiku wa manane katika uwanja wa Jomo Kenyatta, pale sauti itangazapo kwamba safari ya Amsterdam imecheleweshwa, wala isiseme hadi lini. Miongoni mwa waliojilaza sakafuni hamkosi wanafunzi waendao vyuoni Ulaya, ambao wazazi wao wameuza ng'ombe ili kupata nauli. Hawajui kama wana la kudai.

Wanalo, ila hawalingani.

Tuchukue wanafunzi wawili wasafirio siku moja kutoka Nairobi, mmoja kwa ndege ya KLM, mwenziwe kwa Kenya Airways. Tuseme wote wafike Amsterdam wamechelewa saa tano kwa hitilafu ya mtambo. Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2004, humlinda kila abiria aondokaye katika uwanja wa Ulaya. Lakini aendaye huko kutoka nje, humlinda tu ikiwa ndege ni ya shirika la Ulaya. Basi wa kwanza aweza kudai euro 600, maana safari yapita kilomita 3,500. Wa pili, kwa kanuni hiyo, haambulii hata senti. Wakati wa kurudi, wote wawili wana haki moja! Na ajabu nyingine: liamualo si jina la shirika lililouza tiketi, bali la shirika lililoirusha ndege.

Mashirika hayakosi utetezi. Husema palitokea jambo lisilo la kawaida. Walakini mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hitilafu ya mtambo, kwa jumla, si jambo la namna hiyo. Majivu ya volkano ya Iceland yaliyozuia ndege Aprili 2010, na kuyaacha maua ya wakulima wetu yakinyauka, hayo ndiyo. Hata hivyo, mwaka 2013 mahakama iyo hiyo ilisema kwamba majivu hayo hayakuliondolea shirika wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria.

Na yule wa pili je? Yeye ana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imeuridhia. Shirika huwajibika kwa hasara itokanayo na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilifanya yote yaliyopasa ili kuiepusha. Lakini hapa hapana kiasi kilichokatwa. Abiria sharti aithibitishe hasara yake: stakabadhi ya chakula, ya hoteli, ya tiketi ya gari-moshi iliyopotea. Kesi nayo ifunguliwe kabla ya miaka miwili kupita. Shuleni twawafunza watoto kumwandikia mhariri barua kuhusu barabara mbovu. Sijaona mtihani uliowataka waliandikie shirika la ndege.

Yamkini mashirika yetu yatasema euro 600 hupita hata nauli ya abiria wengine, na hoja hiyo ina uzito. Haya, tuiache fedha kwa sasa. Kanuni ya Ulaya hulitaka shirika limkabidhi abiria maandishi ya haki zake ndege ichelewapo saa mbili. Karatasi kama hiyo, yenye kuueleza Mkataba wa Montreal kwa Kiswahili sanifu, ingeligharimu nini shirika lolote lirushalo ndege kutoka Nairobi?