KOTI LA MVUA SI BLANKETI
Usalama na Afya: Kwa wenzetu wanaokuja kazini kwa pikipiki



Asubuhi moja ya mwezi wa saba alifika kwetu dispansari mwenzetu mmoja aliyetoka zamu ya usiku. Goti lilikuwa limechubuka, suruali imepasuka. Alianguka na pikipiki kwenye kona. Nilimwuliza: «Freni ilikufa?» Akajibu: «Hapana, mganga. Freni ni nzima. Vidole ndivyo vilivyokataa.»

Alikuwa amevaa koti la mvua la plastiki, zuri, halina hata tundu moja. Siku ile mvua haikunyesha. Lakini chini ya koti kulikuwa na shati moja tu la kazi, nalo lilikuwa limeloa jasho. Alishangaa: «Mbona nilivaa koti?» Ndiyo, ulivaa. Koti lile lilizuia upepo na maji, lakini joto halikuwa nalo.

Adui ni wawili

Hapa kwetu Katanga tunaishi juu. Lubumbashi iko kwenye mita 1.200 na zaidi, Kolwezi karibu mita 1.400. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu mvua inapiga kila mara. Mwezi wa sita na wa saba hakuna mvua, lakini usiku na alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10.

Ukiwa juu ya pikipiki, upepo wa mwendo wako unaongeza baridi hiyo. Hewa ikiwa digrii 10, nawe unakwenda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia baridi kama ya digrii 5 au 6. Na ukiwa umeloa ni vibaya zaidi, kwa sababu maji huondoa joto la mwili karibu mara 25 haraka kuliko hewa kavu.

Mwili unataka digrii 37. Ukianza kupoa, damu inakimbilia moyo na tumbo, inaacha mikono na miguu. Vidole vinakuwa vigumu, vinachelewa kushika freni. Ukipoa zaidi, hata akili inakuwa nzito: unaona lori, lakini unachelewa kuamua. Chini ya digrii 35 ni ugonjwa wa kweli, na unaweza kuua.

Lijue vazi lako

Plastiki nzito, kama ile tunayovaa machimboni, haipitishi maji. Lakini jasho nalo halitoki, na nguo za ndani zinaloa pole pole. Nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia maji ni nyepesi, inakunjwa chini ya kiti. Lakini ile dawa inachakaa kwenye mikunjo. Kuna pia vazi lenye ngozi nyembamba ya ndani, mfano Gore-Tex: matundu yake ni madogo sana, tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ni zuri, lakini bei yake ni kubwa. Ngozi ya ng'ombe inazuia upepo vizuri na inalinda mwili ukianguka, lakini mvua ndefu inaiingia.

Mara nyingi maji hayapiti katikati ya kitambaa. Yanapita mlangoni: kwenye tireti, shingoni, mikononi, kwenye mishono, na pale unapokalia, ambapo maji yanakusanyika na uzito wako unayasukuma ndani. Kwa hiyo ukinunua, geuza vazi ndani nje. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe. Tireti iwe na kifuniko. Suruali isiwe na mshono mwingi kati ya miguu.

Kisha lijaribu nyumbani. Vaa shati kavu, juu yake vazi la mvua, kaa juu ya kiti kama uko kwenye pikipiki. Mama watoto akumwagie maji taratibu kwa dakika kumi. Watoto watacheka, waache wacheke. Vua, utazame shati: palipoloa ndipo mlango wa maji ulipo. Ni heri kuujua uani kuliko kuujua barabarani.

Namna ya kuvaa

1. Ukitoka kazini, vua kwanza shati lenye jasho. Vaa shati kavu, kisha triko la sufu. Sufu hata ikiloa kidogo inabakiza joto. Pamba ikiloa haisaidii kitu.
2. Vazi la mvua livaliwe juu ya yote, nalo liwe na nafasi. Likibana, hewa yenye joto haina pa kukaa.
3. Huna triko la pili? Weka gazeti kavu kifuani, chini ya koti. Linazuia upepo vizuri.
4. Suruali ya mvua ishuke nje ya bote, isiingizwe ndani. Mikono ya koti ifunike glavu, ili maji yasitiririke ndani.
5. Usivae shuka la plastiki linalopepea: mnyororo au gurudumu litalivuta. Usiache suruali iguse bomba la moshi, itayeyuka.
6. Chagua rangi ya njano au ya machungwa, yenye mistari inayong'aa. Kwenye mvua, mwenye lori hakuoni.

Ukifika nyumbani, anika vazi kivulini, mbali na mbabula. Na wewe mwenyewe usifunge mlango na madirisha ukiota moto wa makala. Moshi wake usioonekana umeua watu wengi usingizini. Vaa nguo kavu, kunywa chai ya moto yenye sukari, jifunike blanketi.

Na ukisikia vidole vimekufa njiani, usijikaze kiume. Simama pembeni, weka mikono makwapani mpaka vidole vikunjike tena. Utachelewa dakika kumi tu, na mama watoto atakuona ukiingia mlangoni kwa miguu yako mwenyewe.