Programu huria: Vifurushi vikipangwa vyema, gharama hupungua

MWALIMU wa shule ya upili viungani mwa mji wa Kitale aliyeachiwa tarakilishi kumi kuukuu hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Bungoma analifahamu vyema: je, atazifufua vipi bila kumaliza fedha za intaneti?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida ya kusasisha mfumo wa Windows 10. Tarakilishi nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Njia mojawapo iliyosalia ni kuhamia mifumo huria ya uendeshaji, kama vile Debian na Ubuntu, ambayo hupatikana bila malipo.

Hata hivyo, kitu cha bure nacho kina gharama ya kukifikisha nyumbani. Programu za mifumo hii hupakuliwa kwenye intaneti, na wengi mashinani hununua bando la kupimiwa. Hapo ndipo mpangilio wa programu unapogusa mfuko wa mtumiaji.

Kifurushi ni nini?

Katika mifumo hiyo, programu hufungwa katika vifurushi. Kila kifurushi hubeba faili za programu pamoja na maelezo yake: jina, toleo, ukubwa na orodha ya vifurushi vingine ambavyo kinavitegemea ili kifanye kazi. Mtumiaji anapoagiza kimoja, programu inayosimamia vifurushi husoma orodha hiyo na kuleta vile vinavyokosekana pekee. Kilichomo tayari hakiletwi tena.

Mradi wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, ni miongoni mwa iliyoukuza utaratibu huo. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, lina zaidi ya vifurushi 69,000. Ubuntu, iliyoanza 2004, ilijengwa juu ya msingi wa Debian.

Wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma, ambao ni wakulima wa mahindi, hawatashangazwa na mantiki yake. Anayehitaji gorogoro moja sokoni halazimishwi kubeba gunia la kilo 90. Tena, mahindi makavu hayachanganywi na mabichi, la sivyo ghala zima litaoza.

Kupangwa kwa misingi mitatu

Msingi wa kwanza ni leseni. Debian hutenga programu zilizo huru kabisa, zile zilizo huru lakini zinategemea zisizo huru, na zile zisizo huru. Mwaka wa 2022, wanachama wa mradi huo walipiga kura kuruhusu diski rasmi ya usakinishaji ibebe programu ndogo zisizo huru zinazoendesha vifaa kama kadi za Wi-Fi. Toleo la 12, la Juni 2023, likazitengea sehemu yake maalumu. Kabla ya hapo, mtu angeweza kumaliza kusakinisha mfumo kisha akakosa intaneti ya kuleta kile kinachokosekana.

Msingi wa pili ni ukubwa. LibreOffice, kwa mfano, imegawanywa ili sehemu ya kuandika barua na ile ya mahesabu ziwe vifurushi tofauti. Karani anayeandika barua tu si lazima apakue vyote.

Msingi wa tatu ni matumizi. Debian Edu, yenye asili yake nchini Norway, hukusanya programu za shule chini ya vifurushi vichache vya mwongozo. Mwalimu huagiza kimoja, navyo vinavyohusika hufuata. Bila mpangilio huo, angepekua maelfu ya majina yasiyomwambia lolote.

Mvutano uliopo

Si wote wanaokubali kwamba kugawa ndiyo njia bora. Mifumo ya Snap na Flatpak hufunga programu pamoja na sehemu kubwa ya vitu inavyovitegemea. Watetezi wake husema njia hiyo humwezesha mwandishi wa programu kutoa toleo jipya upesi bila kuvuruga programu nyingine, na hoja hiyo ina uzito. Tangu Oktoba 2021, kivinjari cha Firefox huja na Ubuntu kwa njia ya Snap. Kwa upande mwingine, Linux Mint ilikataa mnamo 2020 kuruhusu Snap isakinishwe bila mtumiaji kuidhinisha.

Kwa mtumiaji wa bando dogo, kasoro ni mbili. Vifurushi vya aina hiyo huwa vikubwa, na Snap hujisasisha yenyewe mwenyewe asipoizuia, hivyo data huweza kuisha bila yeye kujua.

Aidha, kuna suala la usalama. Aprili 2014, ilifichuliwa dosari iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ambayo programu nyingi huitumia kulinda mawasiliano. Pale ambapo maktaba hiyo ilikuwa kifurushi kimoja cha pamoja, kukisasisha hicho na kuwasha upya huduma zinazokitumia kulitosha. Lakini kila programu iliyobeba nakala yake yenyewe ilihitaji kurekebishwa peke yake.

Funzo kwa mashinani

Hadi 2011, kampuni ya Canonical, inayosimamia Ubuntu, ilikuwa ikituma diski za mfumo huo kwa posta bila malipo. Huduma hiyo haipo tena, lakini wazo lake halijazeeka. Shule yenye intaneti nzuri mjini inaweza kupakua vifurushi mara moja, ikavihifadhi kwenye diski na kuwagawia majirani. Orodha ya vifurushi hutiwa saini ya kidijitali, kwa hivyo ikinakiliwa pamoja navyo, mpokeaji anaweza kuthibitisha kwamba havikuchezewa njiani.

Manufaa hayo huwezekana tu iwapo vifurushi ni vidogo, vina maelezo kamili na vinashirikiana vitu vilivyo sawa. Njia ya kufunga kila kitu pamoja inafaa kwa programu chache zinazobadilika upesi. Ikifanywa kanuni ya mfumo mzima, mwalimu wa Kitale atalazimika kununua gunia kila anapotaka gorogoro.